Kuwalisha Ndege wa Uani Wakati wa Makinda

Ninawaandikia wale wenye ua wa kutosha mti mmoja au miwili, ambao wameanza kuwawekea ndege chakula na maji, na ambao masika yanapoingia huona viota vikisukwa juu ya vichwa vyao na kujiuliza kama chakula kilichowafaa ndege wakubwa wakati wa kiangazi kitawafaa pia makinda. Kwa sehemu kubwa hakiwafai. Kulifahamu hilo kumenichukua misimu kadhaa na fedha kiasi, na kuna makinda waliokufa kabla sijaelewa nilichokuwa nikikiangalia kila asubuhi.

Tunaishi Tanga, si mbali na bahari, katika nyumba yenye mwembe, mipapai, mkunazi wa zamani na uzio wa michongoma uliofungamana vizuri. Nilipostaafu niliweka meza ya mbao chini ya mwembe, na wakaja wageni ambao mtu yeyote wa pwani anawajua: shore wenye kelele, shomoro, tongo wadogo wanaotembea kwa makundi, tetere, pugi, na minana wa manjano ambao viota vyao vinaning'inia kwenye minazi ya jirani. Chozi hawakuijali meza, kwa kuwa maua ya mipapai yaliwatosha. Niliwawekea mtama, chenga za mchele, mapapai yaliyoiva kupita kiasi, vipande vya mkate na karanga, na kwa miezi ya ukame sikuona dhara lolote katika mchanganyiko huo.

Masika yalipoanza, shore wawili walijenga kwenye michongoma, mahali ninapoweza kupaona kutoka dirisha la jikoni bila kuwasumbua. Shore hutaga mayai mawili au matatu, huyaatamia kwa muda unaokaribia wiki mbili, na makinda huondoka kiotani baada ya muda kama huo huo. Nilikuwa na hakika kwamba wazazi wangebeba papai kutoka mezani na kuwapelekea watoto wao, kwa maana walikuwa wakilila kwa pupa. Sivyo ilivyokuwa. Walikula papai wao wenyewe, haraka, kisha wakaruka kwenda kwenye majani kutafuta wadudu. Mmoja alirudi na panzi wa kijani, akampigapiga kwenye tawi mpaka miguu ya nyuma ikadondoka, akamsukuma ndani ya mdomo mwekundu wa kinda, kisha akatulia akitazama. Kinda aliposhindwa kummeza, mzazi alimchomoa panzi yule, akambana upya kwa mdomo wake, akampa kinda wa pili. Baada ya mlo, kinda aligeuka, akainua matako, na mzazi akachukua kinyesi kilichofungwa ndani ya kijifuko cheupe kama ute mgumu, akaenda kukitupa mbali na kiota.

Kutoka dirishani pale nilianza kuielewa meza yangu upya. Ndege wengi wa uani, hata wale wanaokula nafaka maisha yao yote kama shomoro na mnana, huwalisha makinda wao wadudu katika siku za mwanzo. Kinda huzaliwa akiwa uchi, na katika muda mfupi sana anapaswa kujenga misuli, mifupa na manyoya, na manyoya yenyewe karibu yote ni protini. Zaidi ya hapo, kinda aliye kiotani haletewi maji. Unyevunyevu wote anaoupata umo ndani ya kiwavi au buibui aliyelishwa. Ukimpa kitu kikavu na cha wanga unamnyima chakula na maji kwa wakati mmoja. Tetere na pugi wana njia yao, kwani huwalisha watoto majimaji mazito yanayotengenezwa ndani ya kifuko cha shingoni, na tongo hutegemea zaidi mbegu changa za nyasi ambazo bado zina utomvu. Kwa hiyo chakula cha mezani ni cha wazazi, cha kuwapa nguvu za kuwinda, na usalama wake unapimwa kwa swali moja: je, mzazi aliyechoka akikibeba na kukipeleka kiotani, kitamdhuru mtoto?

Mkate ulishindwa mtihani huo kabla ya vyote. Katika siku za mvua isiyokatika, wadudu hujificha na wazazi huelekea kwenye kilicho karibu na laini. Shomoro waliozalia chini ya vigae vya paa la stoo walikuwa wakibeba mkate kutoka mezani, nami niliuona mwendo huo na kuufurahia, mpaka nilipomwokota kinda chini ya ukuta, amekonda kifuani, ngozi ya shingo imevimba kwa mkate uliolowa. Mkate hujaza tumbo na hauleti protini ya maana wala madini ya kujenga mifupa. Maandazi na chapati ni vibaya zaidi kwa sababu ya mafuta, sukari na chumvi. Wali mweupe usio na chumvi na ugali mkavu si sumu kwa ndege wakubwa, lakini tangu siku ile siviweki kabisa kuanzia mvua za kwanza hadi makinda wote watakapokuwa wameruka.

Suala la karanga lilinigharimu fedha, na ni suala ambalo watu wengi hulichukulia kwa wepesi. Karanga nzima inaweza kumkaba kinda, hilo linaeleweka kwa urahisi. Karanga za kukaanga zenye chumvi nazo hazifai, kwani mwili wa ndege mdogo hauna uwezo mkubwa wa kuondoa chumvi. Lakini hatari kubwa haionekani kwa macho, nayo ni sumukuvu. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka mwaka 2016, ilipoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Wasichojua wengi ni kwamba sumu hii iligunduliwa kupitia ndege: mwaka 1960 nchini Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil, yaliyokuwa na kuvu. Sumu hiyo huharibu ini, na ndege wachanga ndio huathirika upesi zaidi. Joto na unyevu wa Tanga ni mazingira ambayo kuvu huyapenda, na gunia la karanga lililoachwa sakafuni wakati wa masika halihitaji muda mrefu.

Nilikuwa nimenunua karanga za bei nafuu sokoni, zile zilizobaguliwa kwa sababu zimesinyaa na kubadilika rangi, nikidhani kwamba kisichoingia kwenye mdomo wa binadamu kitamfaa ndege. Niliposoma habari za sumukuvu nilizifukia zote shimoni, kilo kadhaa, na jirani akadhani nimepungukiwa na akili. Kuziosha au kuzikaanga kusingesaidia, kwa kuwa moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Sasa nikinunua karanga, nanunua zile zile ninazokula mimi, kidogo kidogo, nazitwanga ziwe chembe, na naziweka wakati wa kiangazi tu.

Nafaka nazo zina mtego wake. Mahindi na mtama wa ghalani mara nyingi huchanganywa na dawa ya unga ya kuzuia fukusi, na mbegu za kupandia hupakwa dawa yenye rangi nyekundu au ya kijani ili mtu asije akazila. Usikubali kupewa mabaki ya namna hiyo, hata kama mtoaji ana nia njema. Punje yenye fukusi hainitishi, kwani kwa ndege fukusi ni nyama. Punje yenye harufu ya ukungu au vumbi jeupe ndiyo inayorudi dukani. Chakula cha vifaranga cha dukani, ambacho niliwahi kushauriwa kukitumia, mara nyingi huwa na dawa ya kuzuia kuhara damu iliyopimwa kwa uzito wa kuku, si kwa ndege mwenye uzito wa gramu chache. Parachichi pia siliweki, kwa sababu lina kemikali iitwayo persini ambayo imewahi kuua ndege wafugwao vizimbani.

Kuhusu makombo ya jikoni nitasema zaidi, kwa sababu hapo ndipo nilipopata hasara ambayo bado inaniuma. Baada ya sherehe moja ya familia kulikuwa na pilau nyingi iliyobaki, na badala ya kuitupa niliimwaga mezani. Kitunguu, chumvi na mafuta vilitosha kuifanya isifae, lakini sikuwa nimefikiria kunguru. Hawa ni wale wenye shingo za kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 kwa matumaini kwamba wangesafisha taka, na leo wametapakaa pwani yote. Nchini Kenya tatizo lao lilifika mahali ambapo Juni 2024 shirika la serikali la wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa idadi ya milioni moja. Walikuja kwa ajili ya pilau, wakaimaliza, wakabaki kwenye mwembe wakichungulia. Kesho yake walirudi bila kuitwa. Kabla ya juma kwisha walikuwa wamepasua viota vya minana kimoja baada ya kingine, wakiwachomoa makinda mbele ya wazazi waliokuwa wakipiga kelele pande zote, na kiota cha shore kwenye michongoma kilinusurika kwa sababu tu ya miiba.

Tangu hapo nyama, pilau, samaki na chochote chenye harufu ya mchuzi hakitoki nje ya jikoni, na meza yenyewe nimeizungushia kizimba cha waya ambacho matundu yake yana upana wa sentimita 5 hivi. Shore na shomoro wanapenya, kunguru anabaki nje. Fundi alinitoza Sh. 35,000 pamoja na waya, bei ambayo niliiona kubwa wakati ule. Kama huna uwezo huo, njia isiyo na gharama ni kuweka chakula kidogo sana alfajiri, kinachoisha ndani ya nusu saa, na kukiondoa kinachobaki. Chakula kinachokaa mchana kutwa ni tangazo kwa kunguru, panya na paka wa mtaani.

Halafu kuna watoto. Wakati wa makinda, watoto wa mtaani huokota kila kinachodondoka. Jioni moja wawili walibisha mlango wakiwa na mnana mdogo ndani ya kofia.

"Shikamoo, bibi. Tumemwokota barabarani, ana njaa sana. Tumempa uji lakini hataki kumeza."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmempaje huo uji?"

"Tumemdondoshea mdomoni kwa kijiko."

Nilimtazama kinda yule akihema huku mapovu yakitoka puani, na hapakuwa na la kufanya. Tundu la hewa la ndege liko kwenye shina la ulimi, wazi kabisa, na kimiminika kinachodondoshwa mdomoni huingia mapafuni kwa urahisi mno. Uji, maziwa au maji, vyote huua kwa njia hiyo hiyo, na maziwa hata yakimezwa salama ndege hana namna ya kuyameng'enya vizuri. Sikuwagombeza, kwa sababu walifanya kile ambacho mtu mzima yeyote mtaani angefanya. Niliwaeleza kwamba kinda mwenye manyoya na mkia mfupi, anayeweza kusimama kwenye kidole, hajapotea: ametoka kiotani kwa wakati wake, wazazi wake wako karibu wakisubiri watu waondoke, na anachohitaji ni kuwekwa juu ya tawi mbali na paka. Kinda aliye uchi anarudishwa kiotani kama kiota kinafikika. Wazo kwamba mama humkataa mtoto aliyeguswa na binadamu halina ukweli kwa ndege hawa, na limewafanya watu wengi wema wabaki na kinda ambaye angeweza kurudishwa kwao akapona.

Ninachoweka sasa wakati wa makinda ni kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Yai la kuchemsha lililopondwa kwa uma, nusu tu kwa asubuhi, ndilo la kwanza. Jirani alicheka kuona ndege wakila yai, lakini ni protini laini, yenye unyevu, ambayo mzazi anaweza kuibeba hadi kiotani bila madhara. Maganda nayaoka kwenye jiko mpaka yakauke kabisa, ili kuua vijidudu vya magonjwa, kisha nayasaga na kuyaweka pembeni, kwani ndege jike hutumia chokaa nyingi wakati wa kutaga. Funza wanaofugwa kwa ajili ya chakula cha kuku nao wanafaa, wakiwa hai au waliokaushwa. Waliokaushwa nawaloweka kwanza kwenye maji ya uvuguvugu mpaka walainike, kwa sababu ile ile ya kinda kutoletewa maji. Kikopo kidogo hunigharimu Sh. 2,000 na hutosha juma zima. Papai na ndizi mbivu naviweka kwa ajili ya wazazi, vipande vichache, navyo huondolewa kabla ya saa sita mchana, kwa sababu tunda linalochacha huvuta nyigu na sisimizi, na sitaki njia yao ipite kwenye mti wenye kiota. Chicha la nazi nililiacha kabisa: kwa joto letu likifika adhuhuri limeshachacha, na likikauka huvimba tumboni likikutana na maji.

Kuna wanaowatengenezea chozi maji ya sukari, kipimo kimoja cha sukari kwa vinne vya maji, bila asali na bila rangi. Sioni ubaya mkubwa kama chombo kinaoshwa kila siku, ila kwa makinda wa chozi haisaidii kitu, kwa kuwa nao hulelewa kwa buibui na wadudu wadogo. Mzazi wao hata kiota hukifunga kwa utando wa buibui. Mimi nilipanda shubiri na kuacha utando kwenye kona za baraza, jambo ambalo mgeni nadhifu hulitazama kwa jicho baya.

Maji nayaweka kwenye sahani pana ya udongo, kina chake hakizidi kidole, na kila asubuhi naimwaga na kuisugua kwa brashi. Hilo huzuia magonjwa ambayo ndege huambukizana wakinywa pamoja, na huzuia mbu wa dengi kuzaliana uani. Kuku wa kienyeji nimewazuia wasifike pale kabisa. Ugonjwa wa mdondo hupita kati ya kuku na ndege wa porini, na sioni haki kwa upande wowote kuwanywesha kwenye sahani moja.

Hata hivyo, kwa makinda, kazi kubwa haiko mezani, iko kwenye chupa za dawa. Kila kiwavi aliyekufa kwa sumu ni mlo uliopotea, na aliyekunywa sumu bila kufa bado ni mlo, tena wa hatari. Kwa miaka mingi tulikuwa tukipulizia dawa ya mende usiku na kufagia maiti zao hadi uani asubuhi, na hakuna aliyewaza nani anaziokota. Sasa zinafungwa kwenye mfuko na kutupwa. Sumu ya panya iliyochanganywa na nafaka haiwekwi nje. Kumbikumbi wanaotoka baada ya mvua za kwanza, ambao kwa ndege ni karamu, nawaachia taa ya baraza iwake mapema jioni kisha naizima, na alfajiri shore na shomoro huwa wameshafika kuokota walioanguka. Sehemu ya nyasi nyuma ya stoo siifyeki mpaka tongo wamalize mbegu, na viwavi wanaokula majani ya mchicha nawaokota kwa mkono, kazi ya dakika chache, ambao nao huishia kwenye meza.

Makinda wakishatoka kiotani bado hulishwa na wazazi kwa muda, wakifuatana nao matawini na kutetemesha mabawa wakiomba. Wengine huja nao hadi kwenye kizimba. Sibadilishi chakula siku hizo; nasubiri mpaka niwaone wadogo wakidonoa wenyewe bila kuomba, ndipo mtama unarudi, kisha karanga za kutwanga baadaye sana, wakati mvua zimekatika.

Lililobaki ni bamia za jirani, ambazo hupuliziwa dawa mara kwa mara, na upepo wa baharini huileta upande wetu. Mwaka huu tumekubaliana kwamba atanijulisha siku moja kabla, na kwamba badala ya asubuhi atapulizia jioni, saa ambazo ndege wamekwisha kulala. Siku inayofuata naweka yai zima badala ya nusu, na funza zaidi, ili wazazi wapate sababu ya kubaki upande huu wa uzio.